Mama Mizani na pambano alilolikataa

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Mizani anarudisha nyuma video kwa mara ya sita. Kwenye simu yenye ufa konani, wapiganaji wawili wanagaragazana chini. Mmoja anatafuta kabali, mwingine anachomoa kichwa. Anaisimamisha picha, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, anaivaa tena.

"Umeona hapo? Watu walisema kapona kwa bahati. Bahati gani! Kainamisha kidevu kabla mkono haujafika shingoni. Huyu anajua anachokifanya."

Anainuka, anachomoa kadi ukutani na kuipandisha kutoka nafasi ya saba hadi ya tano. Mezani anaandika sababu kwa sentensi mbili. Kisha anarudi kwenye cherehani, kwa maana bukta za wateja watakaokuja jioni hazijaisha.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita ndiye mpangaji wa mapambano mseto, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka ndani ya ulingo mmoja. Kwa miaka kumi amekuwa akiamua nani ni wa kwanza na nani ni wa mwisho, na kubwa zaidi, nani apigane na nani. Jina la Mama Mizani alipewa na wapiganaji wenyewe, kwa sababu ndiye pia anayewapima uzito.

Ukuta wake una kadi sitini na nne. Posho anayopewa na chama cha mchezo huo hulipa kodi ya chumba na nauli, haizidi hapo. Kinachomlisha ni cherehani.

"Kushinda mara kumi si hoja," anasema. "Umemshinda nani? Mtu akiwapiga vibonde kumi, mimi namhesabu kuwa ni hodari wa kuchagua vibonde."

Chini ya chumba chake kuna karakana ya baiskeli ya mdogo wake wa kiume. Ana miaka thelathini na jicho moja linaloona. Ni mcheshi, na dada yake haponi mdomoni mwake.

"Huyu hata nyanya sokoni anazipanga kwanza kwa uzito," anatania huku akikaza spoki. "Iliyooza kidogo anaiandikia barua ya kuipumzisha."

Dada anacheka. Lakini ukimuuliza jicho la mdogo wake liliendaje, kicheko kinakatika kama uzi.

Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa, na lilikuwa pambano lake la kwanza. Walimpa mtu aliyekwishapigana mara kumi na nne, mzito kuliko yeye kwa kilo kumi na mbili. Mwamuzi alipoingilia kati, jicho lilikuwa limekwenda.

"Wakaja nyumbani wakasema ni bahati mbaya," anakumbuka, na hapa sauti inapanda. "Bahati mbaya ni mti kukuangukia njiani. Lile liliandikwa kwenye karatasi, likatiwa sahihi, likabandikwa kwenye nguzo! Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akanywa chai yake, akaona sawa. Ati fahali wawili wanapigana. Fahali wawili wapi? Fahali na ndama!"

Mwezi uliofuata alikwenda kwenye ofisi ya chama akaomba kazi ya kupima uzito. Mwaka mmoja baadaye orodha yote ilikuwa mikononi mwake.

Sasa orodha hiyo imemponza.

Wiki saba zilizopita, promota alileta barua akiomba kibali cha pambano la mkanda. Bingwa atetee ubingwa wake dhidi ya Msumari. Mama Mizani aliisoma akadhani amekosea kusoma.

Msumari, baba wa watoto wawili, alikuwa nafasi ya tisa. Kibaya zaidi, siku kumi na tisa tu kabla ya barua hiyo alikuwa amepigwa teke la kichwa katika raundi ya kwanza, akaanguka na kuzimia kwa karibu dakika nzima. Kanuni ya chama inasema aliyezimia apumzike siku sitini.

Na nafasi ya kwanza alikuwapo mtu. Ni fundi saa, mpole, asiyejua kujitangaza, aliyewashinda watu saba mfululizo na kuusubiri mkanda kwa miezi kumi na minne. Wapiganaji wenzake humwita Fundi, na kila mtu katika mchezo huo anajua kwamba bingwa hataki kumsikia.

"Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa, na sababu zake chini," anasema.

Jioni ile mwenyekiti wa chama alimpigia simu.

"Dada, tia sahihi tu, mambo yaende."

"Nitie sahihi ya nini, mwenyekiti? Nimpeleke mgonjwa kwa bingwa?"

"Kijana mwenyewe amekubali. Na tiketi zimeanza kuuzwa."

"Watu wamenunua tiketi ya pambano au ya mazishi?"

Mwenyekiti alikata simu. Siku ya Alhamisi, akienda kununua vitambaa, Mama Mizani alikutana na sura ya Msumari kwenye bango, amekunja ngumi kando ya bingwa. Mwenyekiti alikuwa ametia sahihi mwenyewe.

"Damu ilinichemka mpaka nikasahau nilichofuata dukani," anasema. "Mashabiki wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ndiye wa kafara."

Kesho yake mchana ilikuwa siku ya kupima uzito. Ukumbi ulijaa makocha, waandishi na wapenzi wa mchezo. Mama Mizani alikaa mahali pake pa kila siku, karibu na mizani. Mwenyekiti alimwangalia mara moja, akageuza uso.

Msumari alipoitwa, alishika mbao za jukwaa kabla ya kupanda. Taa za wapiga picha zilipowaka alikunja uso na kufumba macho. Makocha wawili waliokuwapo wanasema waliyaona hayo, ila walidhani ni njaa ya kupunguza uzito.

Mama Mizani alisoma kilo zake kwa sauti. Halafu, badala ya kumwambia ashuke, akamuuliza kwa upole:

"Mwanangu, pambano lako lililopita liliisha raundi ya ngapi?"

"Ya tatu," alijibu Msumari bila kusita.

Wengi ukumbini walikuwapo usiku ule. Walijua kwamba pambano halikufika hata raundi ya pili.

"Daktari," alisema Mama Mizani bila kupepesa macho, "umesikia?"

Daktari wa mchezo, ambaye fomu yake ilikuwa imejazwa tayari, aliichana fomu ile na kusema pambano halipo. Promota akaruka kutoka kitini. Akasema mama huyo ni fundi cherehani, anajua nini habari za ngumi, arudi kwenye sindano zake.

Hapo Mama Mizani akamtolea uvivu.

"Ndiyo, mimi ni fundi cherehani. Najua kitambaa kikichanika mara ya pili palepale hakishoneki. Wewe hujui hata hilo! Orodha ipo. Wa kwanza ni Fundi, yupo pale kwenye benchi. Mpeni pambano lake."

Fundi alisimama taratibu.

"Mimi nipo," alisema. "Na uzito wangu uko sawa."

Kocha wa bingwa alijibu kwamba bingwa ana maumivu ya goti. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama goti hilo limeanza kuuma sasa hivi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pambano la mkanda likafutwa.

Jumatatu iliyofuata Mama Mizani alipokea barua yenye mistari minne. Amesimamishwa kazi miezi mitatu kwa "kukiaibisha chama".

"Aliyetia sahihi ya uongo yuko ofisini," anasema akigonga meza kwa kidole. "Aliyeuliza swali ndiye aibu. Haya, niambie wewe uliyesoma!"

Hata hivyo, si barua hiyo iliyomuumiza zaidi. Siku mbili baadaye Msumari alikuja. Hakuingia ndani wala hakuamkia. Alisimama mlangoni, akapitisha macho ukutani mpaka akaipata kadi yake.

"Mama Mizani, umenitoa mkate mdomoni," alisema. "Wanangu nitawalisha orodha?"

Akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

"Nilikuwa na jibu," anasema Mama Mizani kwa sauti ya chini, "lakini jibu halipikwi. Kijana alikuwa na haki yake. Mchezo unaomlipa mtu siku anayopigwa tu, siku akiumia unamwachia mkewe. Kati ya hawa sitini na nne, wenye bima ni wawili. Wawili! Halafu tunashangaa kwa nini mgonjwa anadanganya kuwa mzima."

Wiki moja baadaye mke wa Msumari alipanda ngazi zilezile, peke yake.

"Usimwambie nimekuja," alimwomba. "Anashinda chumbani na pazia limefungwa. Mwanga unamuumiza. Juzi alimwita mtoto kwa jina la ndugu yake, akabisha kwamba hajakosea."

Mama Mizani aliwapigia makocha. Wanne walikuja wakamchukua Msumari hadi hospitali, yeye akinung'unika njia nzima. Vipimo vilionyesha jeraha kwenye ubongo. Mkewe anasema daktari aliwaeleza kwamba kwa mapumziko ya kutosha linaweza kupona, ila kama angepigwa tena wiki ile, wasingekuwa wanazungumza naye.

Habari zilienea haraka. Makocha wa kambi tano waliandika barua ya pamoja: hawatapeleka mpiganaji popote kwa orodha isiyotoka mkononi mwa Mama Mizani. Mwenyekiti, ambaye hakujibu simu za mwandishi wa makala haya, ameitisha kikao cha wanachama wote mwishoni mwa mwezi.

Mama Mizani ameandaa hoja mbili. Kwanza, orodha ibandikwe kwenye mlango wa kila kambi, pamoja na sababu za kila nafasi, ili asiyeridhika aje abishane mchana kweupe. Pili, sehemu ya kiingilio cha kila pambano iwekwe kwa ajili ya wanaopumzishwa kwa sababu ya afya.

"Wakikataa ya kwanza nitabishana," anasema. "Wakikataa ya pili, wajue nitapiga kelele mpaka wanitoe kwa nguvu. Huwezi kumwambia mtu apumzike na hujamwambia atakula nini."

Kadi ya Msumari haiko tena nafasi ya tisa. Iko pembeni, na juu yake imeandikwa tarehe atakayorudi kuonana na daktari. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, kuna jina la mpinzani wa kulingana naye, iwapo daktari ataridhia. Daktari akikataa, anasema Mama Mizani, kambi moja iko tayari kumpa kazi ya kuwafundisha wanaoanza.

Mpaka leo Msumari hajamsemesha. Wiki iliyopita walipishana barabarani, akavuka upande wa pili.

"Nilimtazama anavyotembea," anasema Mama Mizani, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Hakushika ukuta."