Pale Mama Alipoguna

Wakenya wenzangu kanisani Carrollton, pembeni mwa Dallas, wakiniuliza kazi yangu, huwa naona uvivu kuieleza. Wao ni manesi. Mimi nasoma shairi la dawa la Kilatini, la kale kweli kweli, linaloanza na maradhi ya kichwa na kushuka hadi miguuni. Nakala ya mtunzi ilipotea zamani. Tulizo nazo ni za watawa walionakili nakala za wenzao, karne baada ya karne, na mimi nashinda maktabani Dallas nikilinganisha picha za nakala hizo. Wiki nzima inaweza kwisha sijasikia mtu akiniita kwa jina.

Mama alipofariki mwaka huu, makaratasi yangu ya uhamiaji hayakuniruhusu kwenda Kenya kumzika. Nikirudi nyumbani Garland jioni, nilijaribu kuimba wimbo aliokuwa akituogesha nao, ambao pia ulishuka mwilini, kila kiungo na dawa yake: kichwa, mwarobaini, koo, tangawizi, tumbo, majani ya mpera. Lakini kati ya koo na tumbo kuna kifua, na hapo nilikwama kila siku. Nilisikia mguno tu. Nilijichukia. Mtu gani huyu anayekariri makosa ya watawa wasiomhusu, halafu anamsahau mama yake mzazi?

Basi Jumamosi moja nikaendesha gari hadi Houston kwa kaka yangu, dereva wa malori, asiyepokea simu hata umbembeleze vipi. Nilimkuta akimwogesha binti yake, anaimba. Nikasimama mlangoni. Kichwa, koo, akafika kifuani, akaguna, mm-mm, akaendelea na tumbo.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, mstari wa kifua ameupeleka wapi.

"Haupo, dada," akasema. "Mama mwenyewe alikuwa anaguna hapo. Kwani ulidhani umesahau?"

Jamani, nililia. Na jambo lenyewe nalijua, ndilo linalonilisha: nakala mbili zikiwa na pengo mahali pamoja, usiwalaumu walionakili, pengo lilikuwa kwenye nakala mzazi, ile waliyoinakili wote. Ila mimi nilikuwa na nakala moja tu, yangu, na miezi yote hiyo nilikuwa naishtaki peke yangu.

Mtoto, povu kichwani, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nalia. Nikachukua sponji, nikaanza kuimba upya tangu kichwani. Tulipofika kifuani, tukaguna wote watatu.