Siku Nilipofumaniwa Kwenye Choo cha Maonyesho

Aibu hii sina haja ya kuificha, kwa sababu hata nikiificha wapo akina mama thelathini na wawili huko Kaisho wanaoijua, na mmoja wao ana picha kwenye simu. Afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni imetiwa chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi, mtaona).

Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga bali kwa kutotulia, na tangu hapo nimechuma kahawa Ihanda, nimechunga ng'ombe wa watu, nimeendesha bodaboda ya mtu hadi akaninyang'anya, na popote nilipokaa sikumaliza mwaka. Kwa Mzee Rweyongeza, pale Kiruruma, nilifika kwa sababu moja tu: nilikuwa napita na baiskeli nikaona behewa la treni limesimama katikati ya migomba. Huku kwetu reli haijawahi kufika. Nikashuka kwenda kuuliza, na ndio nikakaa.

Mzee alikuwa gadi wa treni, yule anayepuliza filimbi na kupunga bendera ili treni iondoke. Alipostaafu alirudi kwenye kibanja chake akaamua kwamba watu wa Karagwe nao wana haki ya kuijua treni. Behewa lilijengwa na fundi wa hapa hapa, mbao na bati juu ya nguzo za matofali, lakini vilivyomo ndani ni vya kweli: taa, kofia, tiketi za zamani, na kile anachokipenda kuliko vyote, choo cha chuma cha daraja la tatu alichokipata kwa wauza vyuma chakavu. Mlangoni kuna kibao: USITUMIE CHOO TRENI IKIWA KITUONI. Choo cha treni za zamani ni tundu tu, kila kitu kinaangukia relini, kwa hiyo ukikitumia treni ikiwa imesimama, stesheni nzima inakujua.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mama Adelina, mwenyekiti wa akina mama wa usharika mmoja kule Kaisho, alipiga simu kwamba analeta kikundi chake. Mzee aliniambia wazi: mama yule akiridhika atawaambia sharika zote na shule zao, wageni watakuja, asiporidhika, basi, behewa linabomolewa na pale inapandwa migomba, maana watoto wake mwenyewe wameshamwambia anawaaibisha. Akanunua bati za kujenga choo cha wageni. Nami, mtaalamu wa darasa la sita, nikamwambia, "Mzee, mtu hatoki Kaisho kuja kukojoa. Anakuja kuona treni. Hizi bati tuezekee ile stesheni mbele ya behewa, wageni wapande treni mahali panapoeleweka."

"Na wakibanwa?"

"Si kwa Mama Justa hapo jirani?"

Mzee akaniamini. Stesheni ikaezekwa, ikapendeza kweli.

Siku ya siku Coaster ilifika saa nne, imetikiswa na barabara njia nzima. Wa kwanza kushuka alikuwa Mama Adelina.

"Shikamoo, Mama. Karibuni stesheni yetu, kama mnavyoiona imeezekwa kwa..."

"Marahaba, mwanangu. Choo kiko wapi?"

Nikawaongoza kwa Mama Justa, msafara mzima, kama kwaya inayokwenda msibani. Mama Justa ni mtu mwema, na hilo ndilo lililotuponza. Kwake huingii ukatoka hivi hivi, lazima uketi, upewe kahawa ya kutafuna, unywe omuramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajawa pombe, na kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba kikombe chake kichafu. Kwa hiyo kila mama aliyekwenda kupunguza alirudi ameongezwa. Tundu lilikuwa moja, na waliotangulia wakaanza kurudi nyuma ya foleni. Mimi nilikuwa nakimbia huku na huko kupanga watu, na kila nilipofika Mama Justa aliniambia, "Deo, umechoka, kunywa," nikanywa. Nilipofikisha vikombe sita niliacha kuhesabu.

Saa tano kamili Mzee akapuliza filimbi. Kwake treni haisubiri mtu. Akina mama wakaingia behewani na kuketi kwenye mabenchi, wengine wamebana magoti, wengine wanatazama dari kama wanasali. Mimi nilisimama nyuma kabisa na bendera ya kijani, kazi yangu ikiwa kuipunga kila "tunapoondoka" kituoni, maana Mzee huongoza wageni kana kwamba wanasafiri kutoka Mwanza hadi Tabora, na kila kituo kina kitu chake cha kuonyesha.

Tulipoondoka Shinyanga nilibanwa hadi nikaona nyota. Kurudi kwa Mama Justa kungekuwa kupita mbele ya wote halafu kupewa kikombe cha saba. Kuingia migombani haikuwezekana, behewa lina madirisha pande zote mbili. Nyuma yangu, hatua moja, ulikuwa mlango wa choo cha maonyesho. Nikakisoma kile kibao. Treni haikuwa kituoni, tulikuwa katikati ya Shinyanga na Bukene, na Mzee huko hukaa muda mrefu sana akieleza habari za taa. Kwa sheria ya reli yenyewe, nilikuwa na haki.

Nikaingia. Komeo la ndani halikuwepo (nililing'oa mwenyewe, watoto wasijifungie), nikazuia mlango kwa kisigino, bendera nikaibana kwapani, nikajiachia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Mzee alikuwa ameona jinsi akina mama wanavyopindana, akawahurumia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliruka vituo. Taa hakuzigusa, Bukene hatukusimama, na wakati mimi ndani nikidhani nina dakika kumi, yeye alikuwa anawaongoza wote kuja nyuma kutazama kitu cha mwisho.

"Na hapa, akina mama," nikasikia karibu mno na sikio langu, "ni choo cha daraja la tatu, kama kilivyokuwa kikitumika."

Akavuta mlango kwa nguvu za mtu aliyefungua milango ya treni maisha yake yote. Kisigino changu kikatoka. Nikageuza shingo tu, maana sehemu nyingine za mwili zilikuwa bado zina kazi, na omuramba wa Mama Justa hauishi upesi. Nikawaona wote. Nao wakaniona. Kimya kile kilikuwa na sauti moja tu, ya maji yakidondokea majani makavu chini ya behewa.

Mzee akavua kofia.

"Deo," akasema polepole, "tumesimama Tabora."

Mama Adelina akaweka kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. "Mzee, hata sisi tumesimama Tabora tangu saa nne. Tofauti ni kwamba kijana amepata choo."

Behewa zima likacheka, na ndipo ile simu ilipoinuliwa. Nilipotoka, nikiwa nimefunga kila kinachofungika, kicheko kilikuwa kimekwisha na Mama Adelina alikuwa anamkabili Mzee.

"Baba, unaita wageni bila choo?"

"Kosa ni langu," Mzee akajibu. "Gadi ndiye mwenye abiria."

Hapo ndipo nilipoaibika kweli kuliko pale mlangoni. Nikasema, "Mama, alinunua bati. Mimi ndiye niliyemshauri tuezekee stesheni."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Basi leo hatuna neno la kupeleka kwa wenzetu. Mkipata choo chenye mlango, komeo na maji ya kunawa, mtaniita." Wakaondoka, na Coaster ikasimama tena kwa Mama Justa.

Jioni nilifunga mfuko wangu kama nilivyozoea. Nilipotoka nilimkuta Mzee juu ya ngazi, na goti lake lile bovu, anang'oa bati za stesheni moja moja. Hakuniita wala hakunifukuza. Nikatua mfuko. "Shuka, Mzee," nikasema, nikapanda mimi. Wiki tatu nilichimba, nikajenga, nikapiga komeo la ndani, na kesho yake nikampigia simu Mama Adelina.

Alikuja peke yake kwa bodaboda. Stesheni isiyo na paa hakuitazama, alinyoosha moja kwa moja hadi chooni akafunga. Tulisimama nje, mimi na Mzee, filimbi mkononi mwake. Akatoka, akanawa, akakung'uta mikono.

"Haya," akasema, "Jumamosi nawaleta watoto wa usharika. Tengenezeni na kingine, wako sitini."

Nimeshaanza kuchimba. Na mtu akiniambia tena kwamba wageni hawaji kwa ajili ya choo, nitampa vikombe sita vya omuramba, nimpandishe treni.