Mtamba Mwekundu na Safari ya Meli

Mwandiko wangu ni mbaya, najua. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta herufi imeruka, ivumilie usome mbele. Naandika polepole. Jambo hili nimelibeba tangu mwaka jana na sijapata wa kumwambia kwa mdomo, maana mbele za watu sauti yangu hupotea.

Kwetu ni Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Baba ana wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa, naye alizaa dada yangu na mimi tu. Dada ameolewa. Mama mdogo ana watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine minane. Nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna zizi.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala mjini Mugumu kwa miaka mingi. Alipostaafu alipata kiinua mgongo kidogo. Mama alitegemea kitanunua mabati, lakini baba akaja na habari ya meli. Meli ya starehe, alisema, inatoka Mwanza na kuzunguka ziwa siku tatu. Ina vyumba vyenye vitanda, na kazi ya abiria ni kula na kutazama maji.

"Kwani maji hujayaona?" mama aliuliza.

"Nimeyaona kwenye ndoo."

Mama mdogo alicheka. Mama hakucheka.

Ndipo baba akasema neno lililonishika. "Miaka yote nimekaa getini, magari ya watalii yanapita kwenda hifadhini. Baba, mama, watoto, wote na kofia zao. Wananipungia mkono. Na mimi nataka siku moja nitembee na familia yangu."

Kiinua mgongo hakikutosha. Kilichopungua ni bei ya mtamba mmoja mzuri, na zizini mtamba mzuri alikuwa mmoja tu, yule mwekundu. Mtamba yule alizaliwa na ng'ombe wa mahari ya dada yangu. Kwetu Wakurya mahari ya binti ni ya nyumba ya mama yake, na kaka yake wa tumbo moja ndiye huoa kwa ng'ombe hao. Wengine walikufa mwaka wa ukame. Akabaki yeye. Baba asingeweza kumuuza bila kuniuliza mbele ya mama.

Jumapili tulipotoka kanisani alituita wote nyumbani kwa mama. Akanipa simu yake.

"Mura, soma. Toa sauti, mama zako wasikie."

Mura kwetu ni kijana wa kiume, na baba akiniita hivyo huwa anataka jambo. Nikaanza kusoma tangazo, neno moja moja. Chakula mara tatu kwa siku. Muziki jioni. Samaki wa kuchoma. Watoto walipiga makofi. Kisha macho yangu yakautangulia ulimi, nikauona mstari unaofuata, nikanyamaza.

"Mbona umekwama?"

"Herufi ni ndogo, baba."

"Soma hivyo hivyo."

"Bei hii ni ya familia," nikasoma, "yaani baba, mama, na watoto wawili wasiozidi miaka kumi na miwili."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mama mdogo alikuwa amempakata mtoto wake mdogo. Akamshusha taratibu, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

"Basi wamewahesabu vizuri," mama akasema. "Nendeni. Mimi na huyu tutabaki kuchunga ng'ombe aliyekwisha kuuzwa."

"Maneno hayo sikuandika mimi," baba alisema.

"Lakini anayelipa ni wewe. Na unalipa kwa ng'ombe wa nani?"

"Jamani, pigeni simu kwanza," mama mdogo akaingilia. "Labda wanaongeza mtu."

Wakanitazama mimi. Kuongea na mgeni kwenye simu kwangu ni adhabu, lakini nilipiga, nikaweka sauti kubwa. Akapokea msichana.

"Habari, dada. Tunaulizia ile safari ya familia. Ila sisi tuna... tuna mama wawili."

"Mama na bibi?"

"Hapana. Mama wawili."

"Aaa. Sawa, kaka. Mtu mzima wa ziada analipa nauli kamili na chumba chake."

"Na huyu kijana wangu?" baba akapaza sauti kana kwamba msichana yuko ng'ambo ya mto.

"Naye ni mtu mzima, mzee. Halafu bei hii mwisho wake Jumanne."

Simu ikakatika. Ng'ombe wa kutupeleka wote hatukuwa naye.

"Kesho mnunuzi anapita," baba akasema. Hakumtazama mama, alinitazama mimi. "Mtamba ni wa nyumba yenu. Sema."

Mtoto mkubwa wa mama mdogo akauliza, "Kweli tutalala juu ya maji?" Nikikubali, mama atabaki akitazama zizi, na mimi sina cha kuolea. Nikikataa, namnyima baba kitu pekee nilichowahi kumsikia akijitakia mwenyewe.

"Hauzwi," nikasema.

"Sijasikia."

Alikuwa amesikia. "Mtamba hauzwi, baba. Angetosha kutupeleka wote, ningekupa."

Baba alichukua simu yake mkononi mwangu, akatoka, akasimama zizini akitupa mgongo. Watoto walianza kulia. Mama hakunishukuru, aliinuka tu akaweka chai. Mama mdogo alipowatoa wanawe alinong'ona mlangoni, "Umesema haki, lakini umewaliza wanangu."

Jumanne ikapita. Baba alinunua mabati, akayagawa nyumba zote mbili. Meli hajaitaja tena. Tunaongea habari za malisho na mvua tu.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wasomaji. Kama uliwahi kuuza kitu cha thamani ukaipeleka familia yako safari ya namna ile, tafadhali niandikie, uniambie mlirudi na nini. Na kama kwenu pia kuna nyumba mbili, niambie mliamuaje. Usinifiche, hata kama utasema baba ndiye alikuwa na haki.