Gita Langu Ukweni Homa Bay

Dada yangu Boke alipochumbiwa na kijana wa Homa Bay, mashemeji walimtania kwamba Wakuria ni hodari wa ng'ombe, lakini benga, muziki wa gita wa huko, ikipigwa wanakaa kama magogo. Boke akapandwa na hasira. "Mdogo wangu Marwa atawapigia hiyo benga yenu siku ya harusi!"

Marwa ndiye mimi. Wakati huo, miaka ya tisini, nilipiga gita kwenye kwaya ya kanisa Migori, na benga niliisikia redioni tu. Lakini dada alikwisha kutoa neno, na aibu ingekuwa yake ukweni.

Alhamisi alfajiri niliondoka Migori juu ya lori la mahindi, gita nimelifunga kwa blanketi.

Rongo tulisimama kuziba pancha. Kinyozi mmoja, Ochieng', aliona gita akaniita ndani. Yeye alikuwa mtu wa rumba. Alinifundisha kipande cha sebene, ile sehemu ya gita ya kuchezesha watu, akikirudia kwa subira huku mteja akingoja, nusu ya kichwa haijanyolewa. Mimi nilizoea kupangusa nyuzi zote kwa pamoja. Yeye alizidonoa moja moja.

"Pole pole, omera, ndugu yangu," aliniambia. "Rumba inatembea, haikimbii."

Namshukuru mpaka leo, na yule mteja pia.

Homa Bay nilifika jioni. Nilipokewa na Min Awuor, yaani Mama Awuor, shangazi wa bwana harusi, fundi cherehani aliyewahi kupiga gita katika bendi ya marehemu mumewe. Aliniandalia samaki na ugali, kisha akataka kunisikia.

"Nyathina, mwanangu, kidole gumba chako kimelala," alisema. "Benga inaanzia kwa gumba."

Siku mbili tulipiga katikati ya vitambaa vyake, mpaka vidole vyangu vikavimba. Mama yule hakunichoka.

Jumapili, baada ya ibada ya ndoa, nikaanza kupiga. Uwanja ulichangamka! Mara baba mdogo wa bwana harusi akasimama, mkono juu. Kanisani kwetu mtu akifanya hivyo ujue wimbo umemgusa, nami huongeza nguvu. Basi nikaongeza. Mzee akafungua mdomo, akafunga, akaketi amenuna. Watu wakaacha kucheza. Boke akainamisha kichwa.

Min Awuor akanijia mbio. "Shusha sauti ya gita! Hiyo ni pakruok. Mtu akisimama anataka kujisifu. Mwachie nafasi, akimaliza unapandisha. Kosa ni langu, nilidhani unajua."

Nikashusha, nikabaki na gumba tu likidonoa uzi mzito taratibu. Nikamwomba mzee radhi na kumsihi asimame tena. Akasimama, akajisifu, akawasifu na ng'ombe wake, watu wakashangilia.

Kisha nikaona mkono wa bibi harusi uko juu.

"Mimi Boke, binti wa Wakuria, dada wa mwenye gita! Nani alisema sisi ni magogo?"

Nilipandisha benga huku machozi yakinitoka. Mashemeji walimbeba juu juu.

Nilirudi Migori na zawadi ya kuku na shukrani tele. Ibada iliyofuata, Nyanya Robi wa kwaya yetu, mwenye sauti nyembamba, alianzisha ubeti wake kama kawaida. Miaka yote nilimfunika kwa gita nikidhani namsaidia. Safari hii nikashusha, nikabaki na gumba tu. Kanisa zima likageuka kumtazama. Kumbe ana sauti nzuri hivyo.