Mpaka Niliousogeza Mwese

Harufu ya mnyaa uliovunjwa haipendwi na watu, na sijawahi kumshawishi yeyote wa mjini aisifu. Ni uchungu mbichi unaokwama kooni, na ule utomvu mweupe ukikuingia jichoni utalia hadi jioni. Mimi naipenda. Nilikulia Mwese, kwenye vilima vya magharibi ya Mpanda, na shamba letu lilikuwa na ua wa minyaa upande mmoja tu, upande wa Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma ambaye yeye na mumewe walihamia pale na ng'ombe wengi kutoka kaskazini. Kila kiangazi ng'ombe hao waliteremka bondeni kunywa maji, na kila walipoteremka walivunja ua wetu. Kazi ya kuuziba ilikuwa yangu. Mnyaa hauna masharti. Unachomeka tawi ardhini, mvua zikianza unakuta limeshika. Nilianza nikiwa darasa la pili na niliringa nayo, maana wadogo zangu walikatazwa kugusa matawi hayo kwa sababu ya macho.

Kosa langu lilikuwa hili. Upande wetu wa ua mama alilima matuta ya viazi vitamu, na mama yangu, mpole kwa kila jambo, hakuwa mpole kwa mtu aliyekanyaga matuta yake. Kwa hiyo matawi yaliyovunjika niliyachomeka upande wa nje, kwenye ardhi ya Mama Kulwa iliyolainishwa na kwato. Hatua moja, mbili tu. Mwaka uliofuata ng'ombe wakavunja tena, nami nikachomeka nje tena. Mashina ya zamani yalikauka, nikayakata usawa wa ardhi, na mama akaongeza tuta palipobaki wazi. Hadi nafika darasa la sita ua ulikuwa umetembea hatua saba, na baba alikuwa amechimba kisima kifupi ndani ya kipande hicho bila kujua kwamba si chake. Hapakuwa na mwizi. Ni mimi tu niliyeogopa kukanyaga viazi.

Kiangazi kile ikatangazwa kijijini kwamba inakuja timu ya kupima mashamba, ili watu wapewe hati za kimila. Baba yangu alizaliwa makambini, kwa wazazi waliokimbia kutoka Burundi, na uraia aliupata akiwa tayari na watoto. Maisha yake yote alilima akijua kwamba siku moja anaweza kuambiwa ahame. Sasa angepata karatasi yenye jina lake na shamba lake pamoja. Alifua shati lake la kanisani katikati ya wiki. Masharti alitueleza mara tatu kama vile sisi ndio tungepimwa: majirani wasimame mpakani pamoja na wakubaliane, ndipo shamba lipimwe. Wakibishana, shamba linaandikwa kuwa lina mgogoro, linarukwa, na timu inaendelea na safari. Watarudi lini, kwa barabara zetu zile, hakuna aliyeweza kumwahidi mtu.

Nilitegemea mpimaji awe mzee mwenye kitambi na miwani. Akaja dada mmoja mwembamba, buti zimejaa vumbi, mkononi ana mashine ndogo iliyokaribia ukubwa wa simu. Alifuatana na wajumbe wa kamati ya kijiji. Baba akawapeleka moja kwa moja kwenye ua.

"Mpaka ndio huu," akasema. "Hii minyaa nimepanda mwenyewe."

Mama Kulwa alikuwa amesimama upande wa pili, kanga kiunoni, akitazama chini. "Baba Jene, mimi sitaki maneno na nyie," akasema, akimwita kwa jina langu. "Ila mpaka haukuwa hapa."

Baba hakuwa mwongo. Ua aliupanda kweli. Mama Kulwa naye hakuwa mwongo. Baba akaanza kupandisha sauti, na mjumbe mmoja akamwambia mpimaji, "Dada, weka mgogoro, tuna mashamba mengi leo." Yule dada akatoa kalamu, kisha akasita. Akawaambia taratibu, "Hii mashine inajua niliposimama mimi. Mpaka ulipo mnajua nyie." Akaketi juu ya tuta la mama, jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu, akangoja.

Nilijua nikisema tutapoteza kisima. Nilijua pia nikinyamaza baba atakosa hati, na atabaki akiamini hadi kufa kwamba jirani ndiye aliyemnyima. Ningependa kusema nilipima mambo hayo kwa busara. Ukweli ni kwamba nilianza kulia, nikasema "Ni mimi," na kwa kuwa hakuna aliyenielewa nikachukua jembe, nikaingia katikati ya viazi na kufukua. Kisiki cha kwanza kilikuwa kimeoza nusu. Nikapata cha pili, halafu cha tatu, vyote kwenye mstari mmoja, hatua saba ndani ya matuta yetu. Yule dada alichuchumaa karibu yangu akafukua cha nne kwa mikono.

Baba alivitazama visiki, akakitazama kisima ambacho sasa kilikuwa upande usio wake. "Kweli," akasema. "Hapa ndipo nilipoanzia."

"Nilikuwa nauona ua unakuja," Mama Kulwa akasema. "Lakini wanaovunja ni ng'ombe wangu. Ningeanzia wapi kulalamika? Na kisima kachimba yeye. Andikeni tuchote wote."

Ikaandikwa hivyo. Vidole gumba vikachovywa kwenye wino. Jioni nilikaa nikisubiri kipigo. Baba alikula, akanawa, akasema, "Yale matuta ni ya Mama Kulwa sasa. Kesho ukamsaidie kuvuna, maana unayajua vizuri." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Namshukuru Mungu kwa baba wa namna ile na kwa jirani wa namna ile. Yule dada sikuwahi kumwona tena, naye namshukuru kuliko anavyoweza kudhani.

Chuoni nilisomea mambo ya ardhi, na huko ndiko njia hugawanyika. Wapo wanaokwenda kwenye uthamini, kukadiria nyumba na viwanja vina thamani gani, kazi ya meza na viatu visafi. Wapo wanaobaki mijini kupima viwanja vipya. Mwalimu wangu alinishauri uthamini, na sitadanganya, niliutamani. Nilichagua mipaka ya vijijini. Leo nimepanga chumba Makanyagio, mjini Mpanda, na asubuhi nyingi naondoka na pikipiki nikiwa nimefunga vifaa vyangu mgongoni. Vifaa vyetu vya sasa ni vizuri kuliko vya yule dada. Mstari unauona palepale kwenye kioo. Haraka nayo imeongezeka, na mimi nimo ndani ya haraka hiyo.

Kiangazi kilichopita nilipima shamba la bwana mmoja na majirani zake wote walikubaliana vizuri. Mkewe alisimama kando, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona. Nilikuwa na mashamba mengine matano mbele yangu, nikawasha pikipiki. Usiku ule sikujisikia vizuri, kwa sababu nilijua ni mtu gani angeketi kwenye tuta na kungoja. Kesho yake nilirudi, mwendo wa saa mbili. Nikamkuta yule mama anapepeta mahindi, nikaketi karibu yake bila kutoa fomu yoyote. Alipepeta ungo mzima kabla hajasema.

"Nilitaka tu kuuliza," akasema, "kama na jina langu linaweza kuandikwa."

Fomu ilikuwa na nafasi ya majina mawili. Mumewe alikuna kichwa, akamwangalia mkewe, akasema liandikwe. Yule mama alilitamka jina lake polepole, herufi kwa herufi, nami nikaliandika.