Rangi Tatu za Gari la Mama Monique

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelie, mkuu wa karakana, aliniona nimesimama mlangoni mwa garaji ya kampuni ya mgodi, hapa Kolwezi, akadhani nimemletea mtu chakula. Akanionyesha kantini kwa kidole. Nikamwambia sikuleta chakula, mimi ndiye fundi mpya wa rangi. Akaisoma karatasi yangu ya ajira mbele na nyuma, kisha akanipa kipande cha msasa na mlango wa lori uliokwaruzika. Niliusugua siku nne. Siku ya tano alifumba macho, akaupapasa kwa kiganja.

"Mama," akasema, "rangi haifichaka kintu. Inaonyeshaka tu kazi ya chini."

Basi nikajifunza kazi ya chini. Kwanza mastiki, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Kisha msasa. Kisha apre, rangi ya kijivu inayoshika bati ili rangi ya juu nayo ipate pa kushika. Msasa tena, kwa maji. Rangi yenyewe huja mwisho, kwa pistole, bomba la kunyunyizia linalosukumwa na upepo wa kompresa, na mkono usisimame hata kidogo, maana ukisimama rangi inatiririka kama machozi.

Baadaye mkuu wa seksheni alinituma Lubudi kupaka mabehewa, halafu Nzilo, kwenye bwawa la umeme, kupaka milango ya chuma nikiwa nimefungwa kamba kiunoni. Injinia wa Nzilo alikuwa na kifaa ukutani kinachopima unyevu wa hewa, na alitukataza kufungua kopo la rangi kabla hajakitazama. Tulimcheka kwa siri. Nilistaafu nikiwa mama wa watoto sita na mabehewa yasiyo na hesabu, nikadhani pistole yangu imepumzika.

Ndipo mwaka jana Tata Ilunga, mwalimu wa hesabu, akaja nyumbani. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kumpeleka kanisani kwa gari aliloliacha marehemu baba yake yeye Ilunga: kigari cha mbio cha zamani, viti viwili, kifuniko cha turubai, kilicholala miaka mingi kwenye banda la mama yake. Fundi mwingine alikuwa ameshafufua injini. Ilibaki rangi. Lilikuwa jeupe lililochakaa, na Tata Ilunga alitaka lirudi jekundu, kama alivyolijua utotoni.

Mama yake, Mama Monique, alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe. Alisema bila kuinua kichwa kwamba gari lile halikuwa jekundu. Lilikuwa la buluu, buluu iliyopauka, kama moshi wa makaa asubuhi. Mwanawe akamjibu kwa adabu kwamba amesahau. Naye akajibu kwamba hajasahau. Nikaona wamekwisha kubishana hivyo kwa wiki kadhaa, na arusi inakaribia.

Nikachukua msasa, nikasugua mahali pamoja kwenye mlango, kidogo kidogo kwa mzunguko. Jeupe likaisha, likatokea jekundu. Tata Ilunga akatabasamu. Nikaendelea kusugua. Chini ya jekundu kulikuwa na apre, na chini ya apre, upana wa sarafu tu, ikatokea buluu ya moshi.

Mama Monique aliweka ungo chini akaja kuangalia.

"Njo ile," akasema polepole, akiigusa ile buluu. "Ilunga, we ulizaliwa wakati iko nyekundu. Mi niliolewa wakati iko hii."

Hakuna aliyekuwa ameongopa. Tata Ilunga akavua koti, akaniomba msasa, akaanza mwenyewe kuiondoa nyekundu yake, tai ikiwa bado shingoni. Aliomba jambo moja tu: ndani ya mfuniko wa buti, mahali ambapo hapaonekani, nimwachie nyekundu. Nilimwachia.

Adui wa mpaka rangi wa Kolwezi ni vumbi. Malori ya madini hayapumziki, na punje moja ikitua kwenye rangi mbichi inakaa humo milele. Kwa hiyo akina mama wa kwaya ya Mama Monique walileta mashuka, tukayalowesha, tukayatundika kuzunguka banda lote. Nami nikangoja mvua ilaze vumbi la barabarani. Ilinyesha Jumatatu. Mara tu ilipokatika, nikapaka.

Nilimsahau injinia wa Nzilo. Kabla sijamaliza boneti, buluu ikaanza kupauka, ikawa na ukungu kama dirisha lililopuliziwa pumzi. Ulikuwa unyevu, umejifungia ndani ya rangi. Pamoja na miaka yangu yote kazini, nilifanya kosa la mwanafunzi. Niliketi juu ya kopo, nikaona haya hata ya kuwatazama wale akina mama wa kwaya.

Mama Monique akaniuliza kama inaweza kurekebishwa. Nikasema ndiyo, kwa kusugua yote upya.

"Basi tutasugua," akasema.

Walisugua kwaya nzima, wakiimba sauti nne, msasa ukifuata mdundo. Ilipofika Alhamisi mchana, jua likiwa limekausha hewa lakini ardhi ingali na unyevu, nikapaka tena. Mkono haukusimama. Nilipovua barakoa, ile buluu ilikuwa imetulia, na mashuka yakionekana ndani yake kama ndani ya maji.

Jumamosi, bibi arusi akiwa tayari mlangoni na shela lake, Tata Ilunga akawasha gari. Mama Monique akalizunguka mara moja, akamwambia mwanawe ashuke. Hatukuelewa. Yeye mwenyewe akavua viatu vyake vya arusi, akaketi kwenye usukani, akanitazama mimi.

"Bwana yangu alinifundishaka kuendesha mu hii, mbele ya kuzaa Ilunga," akasema. "Panda, Mama. Tuzunguke kidogo."

Vijana wananiuliza nimebaki na nini baada ya kazi ndefu namna hii. Nina mgongo mbovu, na vidole vinavyotambua bati bovu gizani. Na nina asubuhi ile: bibi kizee peku anabadilisha gia bila kukwaruza, watu wanatoka madukani kututazama, nami nimeshika kofia yangu ya arusi kwa mikono miwili. Tulizunguka mtaa mara tatu. Bibi arusi alisubiri.