Upande wa Kulia

Jirani yetu huchuma chai bila kuangalia vidole. Siku hizo akipumzika, alikuwa anashika tumbo polepole, kama anabembeleza. Ameolewa miaka mingi bila mtoto, kwa hivyo tumbo lilipotokeza, akina mama wa Kibugu wakamletea njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mzazi, kabla ya wakati.

“Huyu atazaliwa na kikapu mgongoni!” mmoja wao, Mama Nelius, akamtania. Jirani akacheka, ingawa maumivu yalikuwa yanamkunja.

Maumivu yalipozidi nikampeleka hospitali. Daktari akamwonyesha picha.

“Mama, hapa hakuna mtoto. Ni uvimbe wa maji kwenye ovari, pale mayai yanakaa. Uvimbe ungekuwa mdogo tungengoja, mara nyingi huisha wenyewe. Lakini huu umekua na unauma, unaweza kujisokota. Lazima tupasue tuutoe.”

Hakulia. “Na ile ovari ingine?”

“Ya kulia iko sawa. Hatutaigusa. Kuzaa bado inawezekana.”

Tukiwa tunangoja kitanda, akauchukua mkono wangu akauweka upande wa kulia.

“Ni hapa, si ndiyo?”

“Ndiyo, mama.”

Akaubana hapo, hata jina lake lilipoitwa.